Mizani Unaiombea Nini?

Tulikuwa tumeshavuka Ruvu, jua la saa nne asubuhi limeanza kuchoma vioo vya basi. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari anayerudi Morogoro. Alikuwa na rundo la madaftari mapajani na kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha maswali ya ushairi. Kwenye daftari moja mwanafunzi alikuwa ametunga ubeti wake mwenyewe. Mwalimu aliusoma kimoyomoyo huku akigonga vidole gotini, silabi kwa silabi, akasita, akarudia, kisha akaandika pembeni mwa mshororo wa pili: "Mizani imezidi."

Wino haujakauka, kondakta akasimama akapaza sauti: "Jamani, mizani hiyo mbele! Kaka zangu wa nyuma, watano hivi sogeeni huku, ekseli ya nyuma isije ikazidi." Vijana wa viti vya nyuma wakainuka bila kuuliza, kama watu waliokwisha kuzoea, wakaja kusimama kwenye ujia. Basi likapanda taratibu kwenye bamba la chuma pale Vigwaza, likatulia kidogo, likaruhusiwa. Vijana wakarudi vitini. Mwalimu akafunika kalamu yake, akaniambia, "Umesikia? Neno lile lile."

Nimekitumia Kiswahili tangu nilipofungua mdomo, na sikuwa nimewahi kuyaweka maneno hayo mawili bega kwa bega. Mizani ya shairi niliijua darasani. Mizani ya barabarani niliijua kwa kuchelewa safari. Tangu siku ile nimekuwa nikilitegea sikio neno hilo kila linapotamkwa: buchani, kliniki, kwa sonara, mahakamani, kwenye hotuba ya Ijumaa na mahubiri ya Jumapili. Kila kazi ina mizani yake. Na nimegundua kwamba ukitaka kujua mtu anafanya kazi gani, huna haja ya kumtazama nguo. Muulize mizani anaiombea nini.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na halikuja peke yake. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kupima uzito, na mzizi huo mmoja umetupa pia uzani kwa wanasayansi, wizani kwa wanaochambua mapigo ya shairi, na mizania kwa wahasibu. Kwa Waarabu wenyewe mzizi huo hutumika kwa kipimo cha bidhaa na kwa kipimo cha beti. Kwa hiyo mshairi wa pwani hakuliazima neno kwa mchuuzi, wala mchuuzi hakuliazima kwa mshairi. Lilipotua kwetu lilikuwa tayari na mizigo yote miwili begani.

Tuanze na barabara, maana huko ndiko neno limepata maana ambayo wazee wa zamani hawakuijua. Kwa dereva wa lori mizani si kifaa, ni mahali. Atakwambia "nimelala mizani", "nipo mizani nasubiri karatasi", "tukutane mbele ya mizani kwa mama lishe". Anayekwenda Tunduma huhesabu safari yake kwa mizani kama msafiri wa kale alivyohesabu visima: Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Upande wa Kenya mwenzake anayetoka Mombasa kwenda Uganda atakutajia Mariakani, Gilgil na Webuye. Mahali hapo pana bamba la chuma lililolazwa usawa wa lami, kibanda chenye dirisha dogo, na foleni. Kandokando pamekua vijiji vizima vya chai, chipsi na vocha, vinavyoishi kwa subira ya madereva.

Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ikaanza kuitekeleza mwaka 2019. Gari na mzigo wake wote visizidi tani 56, hata liwe na ekseli nyingi kiasi gani. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Kila ekseli nayo ina kikomo chake: ya usukani tani 8, na ya kawaida yenye matairi manne tani 10. Kwa hiyo lori linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla na bado likakamatwa, kwa sababu mzigo umekaa vibaya, umelalia nyuma au umeegemea mbele. Utingo mzuri ni yule anayejua kuupanga. Anaanza na gunia gani, saruji ikae wapi, pipa liende juu ya ekseli ipi. Na ukali wa sheria una sababu yake. Wahandisi wanajua kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili, unafika takriban mara 16. Mashimo tunayoyalaani kila masika yalichimbwa na ekseli zilizozidi, siku nyingi kabla mvua haijanyesha.

Dereva basi anaiombea mizani isizidi. Mshairi anaiombea nini?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo shule zetu zimelipunguza neno hili mpaka likabaki hesabu ya vidole. Nitatunga mshororo mmoja wa kwangu, tuupime pamoja:

Muuza nyama sokoni, usimdhulumu mtu.

Kipande cha kwanza, ambacho watunzi hukiita ukwapi, kina mu-u-za-nya-ma-so-ko-ni. Mizani nane. Kipande cha pili, utao, kina u-si-m-dhu-lu-mu-m-tu. Nane tena. Tazama zile m mbili, ya katikati ya usimdhulumu na ya mwanzo wa mtu. Hazina irabu. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa maandishi atazipita bila kuziona, atahesabu sita, ataona shairi limepinda. Lakini mdomo wa Mswahili huzipa kila moja pigo lake, ndiyo maana nazo ni mizani kamili. Shairi hupimwa kwa sikio. Karatasi inafuata baadaye.

Sasa badilisha neno moja tu la mwisho, weka mteja mahali pa mtu. Mizani za utao zimekuwa tisa. Mshororo umezidi, na shairi la namna hiyo watunzi wana jina lake: guni. Au fanya hivi: "Muuzaji nyama sokoni, usidhulumu mtu." Hesabu jumla yake. Ni 16, barabara kabisa. Lakini ukwapi una tisa na utao una saba. Jumla iko sawa, mzigo umelala mbele. Ukiuimba utausikia unavyochechemea, kama lori lililobeba sawa na likapanga vibaya. Zipo bahari zenye migawanyo mingine, ila ukishafungua shairi kwa nane kwa nane, umekwisha kujifunga. Nilipomwonyesha mwalimu wangu wa kwenye basi mfano huo, alisema atauingiza darasani Jumatatu, na kwamba nusu ya wanafunzi wake ni watoto wa madereva.

Mshairi basi anaiombea mizani itimie. Isizidi, isipungue. Na kwa kuwa lugha haikubali kila mara, amepewa ruhusa zake. Neno likiwa refu, analikata. Huko kukata kunaitwa inkisari. Likiwa fupi, analiongezea. Huko kuongeza kunaitwa mazida. Buchani kukata kwa namna hiyo ni wizi, na kuongeza ni ukarimu wenye jina lake, nyongeza. Kwenye shairi yote mawili ni halali, mradi maana isidhulumiwe.

Mizani hizi hazikuwekwa kwa ajili ya mitihani. Tenzi za kale za Lamu, Pate na Siu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazitoshelezi sauti zote za Kiswahili. Neno moja lingeweza kusomwa kwa namna mbili tatu. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, una mizani nane kila kipande. Mnakili akiruka neno, kipande kinapungua na msomaji anashtuka. Akiongeza la kwake, kinazidi. Akilisoma neno vibaya, pigo linapotea. Mizani ilikuwa mlinzi wa maneno ya Mwana Kupona kwa binti yake, yakasafiri kutoka mkono hadi mkono bila kuchakachuliwa. Na baadaye, wakati wa kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania, mashairi yaliimbwa hewani, na msikilizaji aliyekuwa anatwanga au anasuka mkeka aliweza kusema "hapo pamepinda" bila kuwa na kitabu.

Aliyeziandika kanuni hizo kwa Kiswahili cha wazi kabisa ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha mwaka 1954. Wengi tunalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na kwamba kabla ya kufariki mwaka 1964, akiwa na miaka 40, alikuwa Waziri wa Sheria. Mtu yule yule aliyewafundisha watunzi mizani ya shairi alikabidhiwa mizani ya haki. Kila nikiifikiria habari hiyo najiambia kwamba huenda mizani ya kitabu chake ilimwandaa kwa ile ya wizara.

Miaka 20 baada ya kitabu hicho, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha Kichomi, diwani iliyoweka kando vina na mizani. Mabishano yaliyofuata yaligawa wapenzi wa ushairi kambi mbili, na hadi leo hayajazimika. Mimi nayapenda mashairi ya Kezilahabi, na nasema wazi kwamba hakuitupa mizani, bali aliihamisha kutoka kwenye hesabu ya silabi kwenda kwenye pumzi ya mawazo. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili asianzie hapo. Kwanza ausikie mdundo wa nane kwa nane mwilini mwake, kwa kuuimba, si kwa kuujaza kwenye jedwali la "mizani 16, vina ni na tu, mishororo minne". Tunawapa watoto alama kwa kuhesabu mizani ambayo hawajawahi kuisikia.

Mahakamani mizani inatakiwa kuelemea. Ndiyo kazi pekee, kwa niliyoiona mimi, ambayo mizani ikisimama sawasawa ni tatizo. Katika shauri la madai ushahidi wa pande mbili hupandishwa, na upande ulioelemea hata kwa kiasi kidogo ndio unaoshinda. Katika kesi ya jinai kiasi kidogo hakitoshi; upande wa mashtaka lazima uelemee pasipo kuacha shaka la maana, kwa sababu kinachowekwa kwenye sahani nyingine ni uhuru wa mtu, pengine uhai wake. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama Tanzania, tofauti hii inaweza kuelezwa kwa maneno ambayo mdai na mshtakiwa wanayajua tangu sokoni. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Mama aliyekosa kiwanja chake anapoambiwa ushahidi wake haukuelemea, anaelewa. Anaweza hata kubisha, na kubisha kwa kuelewa ni haki yake.

Wahasibu wana mizania yao, mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili, na pande zote lazima zilingane hadi senti. Wana pia urari, neno ambalo mwalimu wa fasihi analitumia kwa vina na mizani na mchumi analitumia kwa biashara ya nchi na nchi. Wanaosoma nyota wana buruji la Mizani, linaloanza karibu na tarehe 23 Septemba, siku ambazo jua huvuka ikweta na usiku hulingana na mchana. Na msibani, mtu anapotajwa wema wake, utasikia wazee wakimwombea Mola aitie uzito mizani yake ya mema.

Mizani niliyoipenda kuliko zote nimeikuta chini ya mwembe.

Ilikuwa kliniki ya mkoba, ile ambayo manesi huja kijijini na masanduku yao ya chanjo mara moja kwa mwezi. Mizani ilitundikwa kwenye tawi kwa kamba. Ukiitazama ni ndugu wa ile ya bucha: uso wa duara kama saa, mshale mmoja, ndoano chini yake. Tofauti ni kwamba kwenye ndoano huning'inizwa suruali ndogo ya kitambaa kigumu, yenye matundu mawili ya miguu. Mama anamvua mtoto nguo, anamtia kwenye suruali, anamwachia. Mtoto ananing'inia, anapiga mateke, analia kwa sauti ambayo mwezi uliopita hakuwa nayo. Mshale unacheza. Nesi anasubiri utulie, na mama naye anasubiri, macho hayabanduki kwenye ule uso wa duara. Kisha nesi anasoma, anaweka nukta kwenye kadi, anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita.

Nilimwona mama mmoja mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, akiichukua kadi yake na kuitazama kwa muda mrefu. Mstari ulikuwa umepanda. Si kwa wingi, labda upana wa punje ya mchele. Alimgeukia mwenzake kwenye benchi akasema, "Da' mkubwa, kaongeza," na mwenzake akaipokea kadi akaitazama naye, akamrudishia kwa mikono miwili.

Mtoto anayezaliwa chini ya kilo mbili na nusu anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, na kila gramu inayofuata ni habari. Kwa hiyo hapa dua imegeuka. Dereva anaomba isizidi, mama huyu anaomba izidi. Na hapa tu, kati ya mizani zote nilizozitaja, hakuna upande wa pili. Nesi hapungukiwi mtoto akinenepa. Wote wawili wanauvuta mshale kwa macho kuelekea upande mmoja, na labda ndiyo sababu sijawahi kusikia mtu akiituhumu mizani ya kliniki kwamba imechezewa.

Sokoni hali ni nyingine.

Tuanze kwa sonara, ambako mambo bado ni ya utulivu. Mizani yake ndogo hukaa ndani ya kisanduku cha kioo, na kabla ya kupima, sonara mwangalifu huzima pangaboi. Upepo wenyewe una uzito pale ambapo tola moja ni gramu 11.66 na pete nzima haifiki nusu ya hapo. Anakuonyesha sifuri, anaweka pete, anakuonyesha tarakimu. Nawatamani wauza bidhaa wengine waige hilo la kuonyesha sifuri.

Kwa bidhaa za shambani tumekuwa na desturi mbili tangu kale. Nafaka ilipimwa kwa ujazo, kibaba na pishi, nne kwa moja. Bidhaa nzito za biashara kubwa, karafuu na pembe za ndovu, zilipimwa kwa mizani na kuhesabiwa kwa frasila, moja ikiwa karibu kilo 16. Leo pishi imeachia nafasi sado na debe, lakini desturi ya kupima kwa macho bado inaishi, na sura yake mbaya kuliko zote ni lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linavishwa kilemba cha wavu au kipande cha gunia jingine, linashonwa likiwa na kichogo. Vipimo vya kisheria Tanzania vinataka gunia lisizidi kilo 100. Tuseme lumbesa ya viazi ina kilo 130. Shambani inahesabiwa gunia moja, na mkulima analipwa gunia moja. Mjini inafunguliwa na kuuzwa kwa kilo. Zile kilo 30 za juu zilipandwa, zikapaliliwa, zikachimbwa na mkulima, na hakuna aliyemlipa. Huko shambani mizani haikuchezewa. Haikuwepo kabisa, na anayenunua ndiye anayefaidika na kutokuwepo kwake.

Mkulima wa nchi hii ana historia ya kulijua hilo. Miaka ya mwanzo ya 1950, katika Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walikuwa wakiuza kwa wanunuzi binafsi ambao mizani ilikuwa yao, mpimaji wao na daftari lao. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Kilichofuata kinastahili kufundishwa darasani pamoja na ushairi. Kabla ya kudai serikali yoyote, wakulima walianza na mshale. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba, wasimame kando ya mizani na kuusoma kwa macho ya mkulima. Kutoka kwenye harakati hizo, zilizoongozwa na kijana Paul Bomani, vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika yanayomilikiwa na Waafrika barani. Baada ya Uhuru, Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Naiweka habari ya Bomani kando ya ile ya Amri Abedi kwa makusudi. Mmoja alitoka kwenye mizani ya ubeti akaenda Wizara ya Sheria. Mwingine alitoka kwenye mizani ya pamba akaenda Hazina. Wote wawili walianza na watu waliokataa kupewa hesabu ambayo hawakuihakiki wenyewe, awe msikilizaji wa shairi au mvunaji wa pamba.

Vitabu vya dini vyote viwili tunavyovisoma zaidi hapa kwetu vimelishika jambo hili kwa ukali. Katika Qurani mizani inatajwa katika Surat Ar-Rahman, na ipo sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wale wanaopunja katika vipimo. Katika Biblia kitabu cha Mithali kinaihukumu mizani ya hila. Sijui kosa jingine la dukani lililopewa uzito kama huo. Nadhani ni kwa sababu mwizi wa usiku anaiba kwako mara moja, lakini aliyeichezea mizani anaiba kwa kila anayepita, na anayeibiwa anasema ahsante na kuondoka.

Mchinjaji wa mtaani kwetu ana mizani mbili. Ya zamani ni ya mawe, sahani mbili za shaba zilizochakaa, ambayo aliachiwa na baba yake na sasa ameitundika ukutani kama kumbukumbu. Anayoitumia ni ya kidijitali. Nilimuuliza mizani anaiombea nini. Alikuwa anakata mbavu, akaweka kisu kando, akafikiri. "Naiombea iseme kweli," alisema. "Mteja akiondoka hapa na wasiwasi, kesho anakwenda kwa mwenzangu, hata kama sijampunja." Kisha akanionyesha stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni, yenye mwaka wake. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na stika ni ya mwaka huo tu.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya leo asubuhi, na baadaye utapita buchani, fanya mambo mawili. Itafute stika, usome mwaka. Kisha, kabla nyama haijawekwa, itazame mizani ikiwa tupu. Inatakiwa isome sifuri. Kama haisomi sifuri, mwambie airekebishe kwanza ndipo akate.